Jinsi ya kuchagua risasi ya raifo na uzito wa kichwa chake kwa swala, pongo na kongoni wa kusini

Ukitafuta ushauri wa risasi za kuwindia, mengi utakayokutana nayo yameandikwa na Wamarekani kwa ajili ya kulungu wao wa mkia mweupe. Dume wa kawaida wa huko ana kilo 60 hadi 100, na mara nyingi hupigwa akiwa shambani au pembezoni mwa msitu. Majedwali yao si ya kutupa, maana baruti inaungua vilevile Texas na Liwale. Ila huku kwetu kusini mwa Tanzania leseni moja inaweza kuwa na nsya wa kilo 15 na kongoni wa kilo 160, wanyama wanapigwa kwa karibu kuliko watu wanavyodhani, na moyo wa swala haukai pale unapokaa wa kulungu wa Marekani. Hayo matatu yanatosha kumfanya mtu anunue boksi zuri kabisa la risasi zisizomfaa.

Mwongozo huu ni wa mwindaji mkazi mwenye raifo ya kukoki kwa mkono na darubini ya kawaida. Mwenye gobore asiendelee kusoma akitafuta kitu chake. Hesabu zake ni nyingine kabisa.

Kwanza, karatasi

Nitapita haraka. Silaha yako iwe imesajiliwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji wenyewe uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Anzia kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, Nachingwea, Liwale, Nanyumbu au kokote uliko, akueleze ni eneo gani na wanyama gani wamefunguliwa mwaka huo. Kumbuka pia kwamba mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Usitegemee mpaka aliokuonyesha mjomba wako zamani. Kuwinda usiku au kwa kutumia gari ni kosa, na kukutwa na nyara za Serikali bila kibali ni kesi ya uhujumu uchumi.

Risasi nunua kwenye duka lenye leseni, kwa kibali chako mwenyewe. Risasi za kuazimana, zile za "chukua hizi tano bwana, zimebaki", ziache. Utaona sababu ya kiufundi huko chini, mbali na ile ya kisheria.

Anza na mnyama mkubwa kuliko wote kwenye leseni

Watu wengi huanza na kaliba ya bunduki, yaani ukubwa wa risasi inayotumia: "Nina .308, niweke nini?" Geuza swali. Soma leseni yako, tafuta mnyama mzito kuliko wote, na umchagulie risasi huyo. Risasi inayomtosha kongoni itamwangusha pongo. Inayomtosha pongo tu inaweza kukupeleka kufuata damu hadi giza liingie.

Kwa makadirio ya madume: nsya kilo 15 hadi 20, pongo (wengine tunamwita mbawala) 40 hadi 80, swala pala karibu 60, ngiri 60 hadi 100, kongoni 150 hadi 170, nyumbu na palahala wanapita 200, kuro na tandala wakubwa wanagusa 250. Kongoni na kuro wana sifa ya roho ngumu, na wameipata kwa haki. Swala pala akipigwa vibaya kidogo mara nyingi hulala ndani ya mita 100. Kongoni akipigwa vibayavibaya huondoka na kundi lake kama hakuna kilichotokea.

Nyati simuweki hapa. Huyo anataka .375 kwenda juu, mtu mzoefu pembeni, na makala yake mwenyewe.

Pima umbali wa pori lako

Nenda na hatua zako. Simama pale ambapo kwa kawaida unaona mnyama kwanza, hesabu hatua mpaka mti alipokuwa. Kwenye vichaka vya pwani ya Kilwa na Lindi utapata 30 hadi 60. Kwenye miombo ya Liwale na Nanyumbu, 60 hadi 120 baada ya nyasi kuungua, pungufu ya hapo Julai nyasi zikiwa bado zimesimama, na pungufu tena majani mapya yakichipua kabla ya mvua. Ni kwenye mbuga tu, yale mabonde ya wazi yenye nyasi, ambako mtu anaweza kusema amepiga mita 200 na nikamwamini.

Maana yake ni hii: kichwa cha risasi kinampata mnyama kikiwa bado na mwendo karibu wote kilioondoka nao kwenye mtutu. Kichwa chepesi chenye mwendo mkali kilichotengenezwa kufunguka (kutanuka ndani ya mnyama) vizuri mita 250 kitapasuka vipandevipande mita 50, juu juu, kwenye bega. Nje utaona jeraha la kutisha na damu nyingi, ndani mapafu mazima. Ndiyo sababu ushauri wa "chukua iliyo kali zaidi" haufai huku. Unataka kichwa cha wastani kwenda kizito, mwendo wa wastani, na kinachoshikamana.

Jambo moja la kuondoa kichwani: hakuna risasi inayokata vichaka. Utasikia kwamba kichwa kizito cha ncha ya mviringo hupita kwenye matawi bila kuyumba. Vyote vinayumba, kizito na chepesi, chembamba na kinene. Kijiti cha unene wa kidole kikiwa mita 20 mbele ya mnyama kinatosha kukuhamisha kutoka moyoni hadi tumboni. Sogea hatua mbili upate uwazi, au acha.

Soma boksi

Namba ya kwanza ni kaliba, na lazima ifanane herufi kwa herufi na iliyochongwa kwenye mtutu. .308 Winchester na .30-06 zina vichwa vya unene uleule lakini maganda tofauti; .30-06 ni ndefu zaidi. "7.62" peke yake haitoshi kukuambia kitu, kwa sababu kuna 7.62x39, 7.62x51 na 7.62x54R, na kila moja ina chemba yake, yaani ile nafasi nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Geuza risasi yenyewe pia, usome maandishi kwenye kitako cha ganda. Boksi linaweza kujazwa na mtu.

Namba ya pili ni uzito wa kichwa, umeandikwa kwa kifupi "gr". Hiyo ni greni, si gramu. Gramu 1 ni greni 15.4, kwa hiyo kichwa cha greni 180 kina gramu 11.7 tu, na cha 150 kina gramu 9.7. Huo ni uzito wa kichwa peke yake kinachoruka, bila baruti wala ganda.

Kisha herufi za aina ya kichwa. SP ni ncha laini, madini ya risasi yameachwa wazi mbele ili kitanuke. FMJ kimefunikwa koti zima la shaba, hakitanuki. Ni cha kijeshi na cha kulengea shabaha. Kwa swala FMJ kinatoboa kitundu chembamba kikatoka upande wa pili, mnyama anaondoka na kidonda na wewe hupati alama ya damu ya maana. Usikitumie. Herufi nyingine nyingi za kuvutia ni jina la biashara.

Muundo wa kichwa kabla ya uzito

Hapa ndipo ningependa mtu atumie hela yake. Vichwa vyenye uzito sawa vinaweza kufanya kazi tofauti kabisa kutegemea vilivyojengwa.

Kile cha kawaida, cha bei nafuu, ni kikombe cha shaba kilichojazwa madini ya risasi. Kinafaa kabisa kwa nsya, swala na pongo kikiwa na uzito wa kutosha. Tatizo lake ni mfupa wa bega la kongoni kwa karibu: koti linaweza kuachana na kilichomo, kila kimoja kikaenda njia yake.

Mmarekani John Nosler alikutana na hilo miaka ya 1940 huko Kanada, vichwa vyake vikavunjika kwenye ngozi ya moose, kulungu mkubwa sana wa kaskazini, aliyejaa matope. Akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: chumba cha mbele kinatanuka, cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea kusukuma. Kiliingia sokoni mwaka 1948 na bado kinauzwa. Baadaye vikaja vile ambavyo koti na madini ya ndani vimeunganishwa kwa joto visiachane, na vile vya shaba tupu vyenye shimo mbele, ambavyo Barnes walianza kuviuza mwaka 1989. Hivi vya shaba hubaki na uzito karibu wote hata baada ya kugonga mfupa, kwa hiyo unaweza kushuka uzito kidogo: shaba ya greni 150 kwenye .30-06 inaingia ndani kama kile cha kawaida cha 180.

Nilichokiona kwa macho yangu: kichwa cha greni 180 cha kuunganishwa kwa joto, kilichotolewa chini ya ngozi ya upande wa pili wa kongoni. Kilikuwa kimevunja bega moja, kikapita katikati ya kifua, kikazuiwa na ngozi. Mbele kimefunguka kama uyoga, petali nne za shaba zimekunjwa nyuma, na unene wake umekaribia mara mbili. Kwenye mizani ya sonara kilisoma gramu 8.1 kutoka 11.7. Hiyo ni kazi nzuri. Ungekikuta gramu 3 ndani ya bega la kuingilia, ungejua boksi hilo ni la swala.

Kuna suala la nyama pia. Vichwa vyenye madini ya risasi huacha chembe ndogo sana kwenye nyama, nyingine mbali na tundu lenyewe, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Jimbo la California lilishapiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia 1 Julai 2019. Kama familia yako inakula nyama ya porini mara kwa mara, shaba tupu inastahili bei yake. Kama huipati, katalia mbali nyama yote iliyovilia damu kuzunguka jeraha, usiwape hata mbwa.

Sasa uzito, kaliba kwa kaliba

Kichwa kizito hakina nguvu nyingi zaidi kuliko chepesi, hili watu wanabisha sana. Chukua .30-06: greni 150 inatoka kwa karibu mita 887 kwa sekunde, greni 180 kwa karibu 823. Piga hesabu, zote mbili zinakuja kati ya jouli (kipimo cha nguvu) 3,800 na 4,000. Tofauti ni kwamba kile kizito ni kirefu zaidi kwa unene uleule, kwa hiyo kinaingia ndani zaidi, na kwa kuwa kinakwenda taratibu kidogo hakivunjiki upesi.

.223 iache kwa shabaha. Greni 55 si kitu cha kumpigia mnyama wa leseni.

.243: greni 100, usishuke hapo. Ni nzuri sana kwa nsya, pongo na swala, teke lake dogo, kijana anaweza kuipiga bila kufumba macho. Kongoni, hapana.

.270: greni 130 ndiyo iliyoipa jina duniani, na kwa swala mbugani ni raha. Kwa pori la karibu na kwa kongoni chukua 150.

7x57: greni 140 kwa wadogo, 170 hadi 175 kwa wakubwa. Mtu atakuambia kuna Mskoti aliua tembo mamia kwa kaliba hii. Ni kweli, W.D.M. Bell, lakini alitumia vichwa vigumu na alijua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande. Wewe na mimi hatuko huko.

.303, ambayo bado iko kwenye makabati ya wazee: greni 180 ya ncha laini. Ile ya kijeshi ya greni 174 yenye koti zima, hapana, hata kama imepatikana bure.

.308: 150 kwa swala na pongo, 165 kama unataka moja ya kati, 180 kwa kongoni.

.30-06: 165 au 180. Mwenye bunduki moja na leseni mchanganyiko, mimi ningemwambia anunue 180 iliyounganishwa kwa joto, aizoee, asiguse nyingine. Itamtosha nsya hadi tandala. Zipo za greni 220 za ncha ya mviringo. Kwa vichaka vya karibu zinafanya kazi, ila zinashuka haraka ukipita mita 150.

.375 H&H: 270 au 300. Inashangaza watu, lakini greni 300 inayokwenda mita 770 kwa sekunde mara nyingi huharibu nyama ya swala kidogo kuliko .270 ya karibu. Gharama na teke ndiyo kikwazo.

Ijaribu kwenye bunduki yako

Nunua boksi mojamoja la aina mbili tofauti, usinunue maboksi kumi ya aina moja. Mitutu ina tabia zake. Mifereji ya ndani huzungusha kichwa, na mtutu unaozungusha polepole hauwezi kutuliza kichwa kirefu kizito. Kwenye karatasi utaona tundu refu badala ya duara, maana kichwa kimefika kikiwa ubavu.

Nenda uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Weka raifo juu ya kiroba cha mchanga, mkono wa mbele ukae chini ya bunduki na si juu ya mtutu. Anza mita 25 ili ujue uko kwenye karatasi, kisha mita 100. Piga tatu, acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika, piga tatu nyingine. Tundu zote tatu zikikaa ndani ya sentimita 5, inatosha kabisa kwa pori letu. Wanaotafuta sentimita 2 wanatafuta kitu kingine.

Sogeza darubini hadi kundi likae katikati, mita 100. Kwa .30-06 ya greni 180, ukifika mita 200 itakuwa imeshuka kama sentimita 10 hadi 14. Kwa hiyo hadi mita 150 unalenga palepale unapotaka kupiga, hakuna kukisia.

Hapa ndipo risasi za kuazimana zinapoleta shida. Ukibadilisha kutoka 150 hadi 180, au hata kutoka kiwanda kimoja hadi kingine kwa uzito uleule, kundi linaweza kuhama sentimita kadhaa. Andika kwenye kipande cha plasta ubandike kwenye kitako cha bunduki: kaliba, uzito, aina, umbali uliolenga. Risasi yoyote isiyofanana na maandishi hayo haiingii porini.

Pa kupiga

Picha za Kimarekani zinaonyesha alama nyuma ya bega. Kwa swala wa Afrika hiyo iko nyuma mno. Moyo na mapafu ya kongoni, kuro na wenzao yamekaa mbele na chini zaidi, katikati ya mabega yenyewe. Mnyama akiwa ubavu kamili, fuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi moja ya mwili, piga hapo, juu ya mstari wa mguu. Ndiyo maana nilikuwa nasisitiza kichwa kinachovumilia mfupa.

Mzee mmoja wa Liwale, aliyezeeka akifuata nyayo, aliulizwa na kijana mbele yangu.
"Shikamoo babu. Eti 165 na 180 ipi kali?"
"Marahaba. Ulimpiga wapi?"
"Hapa, nyuma kidogo."
"Basi hata ungempiga na 500."

Huku pwani kuna jambo jingine. Majirani zetu wengi Waislamu wanataka mnyama awahiwe kuchinjwa, kwa hiyo shingo isiharibiwe, na mnyama aanguke karibu. Pigo la mabega yote mawili, kwa kichwa kinachoshikamana, linakupa vyote viwili. Koki risasi ya pili palepale, angalia kama bado anapumua, msogelee kwa nyuma, mbali na pembe. Akiwa bado amesimama, piga tena. Usione haya ya risasi ya pili.

Kuzitunza

Joto na chumvi ya Mtwara haviihurumii shaba. Weka risasi kwenye boksi lake la asili, ndani ya chombo kikavu kinachofungwa, mbali na bunduki na chini ya kufuli. Usiziache juu ya dashibodi ya gari; baruti iliyopata joto kali huongeza msukumo, kundi linahama na boliti (komeo la bunduki) inaweza kukwama. Usizipake mafuta, mafuta hupenya kwenye kiwashio na kukiua. Ganda lenye ukungu wa kijani, lililobonyea, au ambalo kichwa kinacheza ukikisukuma kwa kidole, litenge upeleke polisi au dukani ulikonunua.